Kombo kamili kwenye osu!: mwongozo kwa anayekwama nyota 4 na 5

"Ramani naijua yote, naimaliza, ila kombo inakatika palepale." Wachezaji wa osu!, mchezo wa kompyuta ambapo mkono mmoja unapeleka kishale kwenye maduara na mwingine unagonga vitufe kwa mdundo wa wimbo, wanalalamika hivi kila siku, na jibu wanalopewa ni "cheza tu, itakuja". (Ramani ni wimbo uliopangiwa maduara; nyota ni kipimo cha ugumu wake.) Kwa wengi haiji. Anayerudia kosa mara mia anakuwa fundi wa kosa lile.

Shika hili kwanza: ile X nyekundu inayotokea kwenye skrini inaonyesha kosa lilipofichuka, na mara nyingi lilikuwa limeshaanza maduara kumi nyuma. Pengine hata mkono siyo ule unaoushuku. Umekosa kwa mkono wa kishale, kumbe aliyeharibu ni mkono wa vitufe. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta chanzo, kukitibu peke yake, kisha kuunganisha vipande.

Kombo kamili maana yake hujakosa duara hata moja wala kuvunja slaida (njia unayoifuata kwa kishale huku umeshikilia kitufe) kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Mwongozo huu ni wa mtindo wa kawaida wa mchezo, ule wa maduara, slaida na spina (gurudumu unalolizungusha kwa kishale). Mitindo mingine, taiko, catch na mania, ina mambo yake.

## Vitu vya kuwa navyo

Mchezo wenyewe. Ni wa bure. Lipo toleo la zamani linaloitwa stable, la Windows, na jipya linaloitwa lazer, ambalo linaingia Windows, macOS, Linux, Android na iOS. Hata kama alama zako unazitafutia stable, mazoezi fanyia lazer. Humo ndimo unamobadilisha kasi ya wimbo unavyotaka na kusoma takwimu za kila mchezo.

Kibodi. Ya laptopu inatosha kwa kiwango hiki, mradi Z na X, vitufe vya kugongea maduara, zirudi juu haraka. Ijaribu hivi: fungua programu yoyote ya kuandikia, gonga Z na X kwa zamu, polepole, kwa sekunde kumi. Zikitokea herufi mbili zinazofuatana za aina moja na wewe una hakika umegonga kwa zamu, kitufe kimechakaa. Tafuta kibodi nyingine au hamia vitufe vingine kabla hujajilaumu.

Mausi au tableti ya kuchorea. Tableti ndogo isiyo na skrini, mfano Wacom CTL-472, inatosha kabisa. Mausi pia si kikwazo: idke wa Marekani, mmoja wa majina makubwa ya mchezo huu, anajulikana kwa kucheza na mausi.

Earphone za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, na kwenye mchezo unaopimwa kwa milisekunde huwezi kujenga juu ya sauti inayochelewa.

Karatasi na kalamu. Utaviona kazini kwenye hatua ya 3.

Intaneti unaihitaji kupakua ramani na kutuma alama, basi. Ramani nyingi ni za megabaiti chache. Chagua kupakua bila video, bando lisikuishie. Na yule anayesingizia seva kuwa mbali na Afrika Mashariki aache: magongo yako, yaani kila unapogonga kitufe, yanapimwa ndani ya kompyuta yako, alama ndizo zinazosafiri baadaye.

## Hatua ya 1: Ondoa ucheleweshaji na usawazishe sauti

Usipoifanya hatua hii, yote yanayofuata yatakudanganya, maana hutajua kama umechelewa wewe au imechelewa mashine.

Kwa mausi: zima kile kipengele cha Windows kinachokiongezea kishale kasi kadiri mkono unavyokwenda haraka. Kikiwa kimewashwa, mwendo uleule wa mkono unakupeleka mahali tofauti kila mara, na misuli haiwezi kukariri kitu kinachobadilika. DPI (kipimo cha unyeti wa mausi) ya 800 ni mwanzo mzuri. Rekebisha unyeti ndani ya mchezo hadi uweze kutoka pembe moja ya uwanja hadi pembe ya mkabala bila kuinua mausi na bila kunyoosha mkono wote.

Kwa tableti: eneo zima la CTL-472 ni milimita 152 kwa 95, na kulitumia lote ni kuchosha mkono bure. Anza na upana wa milimita 100 na urefu wa 56, kwa skrini ya 16:9. Zima Windows Ink, kipengele cha kalamu cha Windows. Lazer inasoma tableti yenyewe. Kwa stable tumia dereva wa kampuni au OpenTabletDriver. Viwili visiwake kwa pamoja, kishale kitarukaruka.

Ukishapata eneo linalofaa, liache. Anayebadilisha eneo la tableti kila anapokosa anaanza darasa la kwanza kila siku. Kama ni lazima, badilisha milimita mbili au tatu, halafu ukae nayo wiki nzima.

Cheza skrini nzima, si ndani ya kidirisha. Skrini ya 60 Hz inakuonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, ya 144 Hz kila baada ya 6.9. Ya kwanza inatosha kwa nyota 5, kwa hiyo usikopeshwe pesa kwa ajili ya skrini.

Sasa sauti. Chagua ramani tatu tofauti za nyota 3 ambazo ni rahisi mno kwako. Baada ya kila moja fungua takwimu kwenye ukurasa wa matokeo, utafute wastani wa kosa la muda. Ukikuta unawahi au unachelewa kiasi kilekile kwenye ramani zote tatu, tuseme milisekunde 12, tatizo ni vifaa: rekebisha ofseti ya jumla, yaani kiasi cha kusogeza muda wa sauti mbele au nyuma. Ikiwa ni ramani moja tu, rekebisha ofseti ya ramani ile. Lazer ina kitufe cha kusawazisha kwa kutumia mchezo uliopita. Usirekebishe kwa sababu ya mchezo mmoja uliocheza ukiwa umechoka.

*Umefaulu ikiwa:* wastani hauzidi milisekunde 5 upande wowote kwenye ramani rahisi.

## Hatua ya 2: Chagua ramani inayofaa kushambuliwa

Wengi wanakwama hapa bila kujua. Wanachagua wimbo wanaoupenda, wakati walitakiwa kuchagua ramani wanayoiweza kwa asilimia tisini na tano.

Kwa kombo kamili ya kwanza ya nyota 4 na nusu hivi, tafuta ramani yenye sifa hizi:

- Urefu wa dakika 1 na nusu hadi 2 na nusu.
- BPM (mapigo kwa dakika) 150 hadi 175, isiyobadilika katikati ya wimbo.
- CS 4, yaani maduara ya ukubwa wa kawaida. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 duara lina upana wa pikseli kama 164.
- AR 8 hadi 9. AR ni muda wa duara kuonekana kabla ya kugongwa: AR 8 inakupa milisekunde 750, AR 9 inakupa 600, AR 10 inakupa 450.
- OD 7 hadi 8. OD ni ukali wa muda wa kugonga. Kwa OD 8 unapata 300, alama ya juu ya duara, ukiwa ndani ya milisekunde kama 32 kabla au baada ya pigo, 100 ukiwa ndani ya 76, na 50 ukiwa ndani ya 120. Zaidi ya hapo umekosa.

Icheze mara moja ukiwa umewasha modi (kibadilishi cha mchezo) ya NF, yaani No Fail, isikutoe katikati. Ukikosa maduara 10 au pungufu katika kama 500, ramani ni yako. Ukikosa 30, iweke kando. Hiyo ni ya baada ya miezi kadhaa, na kuing'ang'ania kutakufundisha kubahatisha.

Angalia pia hali ya ramani. Ramani zote zinatungwa na wachezaji wenyewe kwa kujitolea, na zilizopita ukaguzi mpaka kuwa Ranked ndizo zinazotoa pp, pointi za kukupandisha kwenye orodha ya wachezaji. Za Loved zina orodha ya alama ila pp hazina. Za Graveyard, yaani zilizoachwa bila kukamilisha ukaguzi, zinafaa kwa mazoezi, lakini nyingine zimepangwa kinyume na mdundo na zitakuharibia masikio.

## Hatua ya 3: Isome ramani kabla ya kuigonga

Washa modi ya Auto, ambapo mchezo unajicheza wenyewe, utazame ramani yote mikono ikiwa imetulia. Unachokitafuta ni mdundo tu. Mwendo wa kishale cha Auto usiuige, kwani mashine inakwenda mahali ambapo mkono wa binadamu usingejisumbua kwenda.

Kwenye karatasi andika dakika na sekunde za sehemu tatu hadi tano zinazotisha, na mbele ya kila moja aina yake: strimu (maduara yaliyoshikana yanayogongwa mfululizo), miruko (maduara yaliyoachana mbali), slaida za haraka, au mdundo unaobadilika ghafla. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Wimbo uliokuwa unagawanywa kwa nne unageuka ghafla kugawanywa kwa tatu kwa mapigo machache. Vidole vinaendelea na nne, na kombo imekwenda.

Kisha ziimbe sehemu hizo kwa mdomo, ta-ta-ta, bila kushika kitu. Usichoweza kukitamka kwa mdundo wake, vidole havitakigonga.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusema strimu ndefu kuliko zote ina maduara mangapi, na inaanza kwenye neno au ngoma ipi ya wimbo.

## Hatua ya 4: Tafuta chanzo cha kosa

Cheza ramani mara tatu hadi mwisho bila kurudia katikati, na kila kombo inapokatika weka alama kwenye karatasi. Kisha tazama marudio yako, yaani rekodi ya mchezo uliocheza, ukisimama kwenye kila kosa. Lazer inakuruhusu kurudisha marudio nyuma na kuonyesha njia ya kishale pamoja na mahali ulipogonga. Usiangalie duara ulilolikosa. Angalia maduara kumi na sita yaliyotangulia.

Chukua mfano huu, ndio unaowatesa watu kuliko yote. Ramani ina BPM 170, OD 8. Kuna strimu ya maduara 16, halafu mruko mmoja mrefu. Strimu unaipita, mruko unaukosa kila mara. Unajiambia miruko yako ni mibovu, unakwenda kufanya mazoezi ya miruko wiki mbili, unarudi, unaukosa tena.

Piga hesabu. Kwa BPM 170, duara hadi duara kwenye strimu ni milisekunde 88. Wewe, kwa hofu, unagonga kwa kasi ya BPM 180, yaani kila milisekunde 83. Unawahi kama milisekunde 5 kwa kila duara. La kwanza umelipiga sawasawa. La saba umewahi kwa 29, bado ni 300. La nane umewahi kwa 34, imeshuka kuwa 100. La kumi na sita umewahi kwa karibu 74, na bado ni 100, kwa sababu mpaka ni 76. Hujakosa kitu! Ila sasa vidole viko mbele ya wimbo kwa karibu duara zima. Vinagonga mruko kabla kishale hakijafika, na X inatokea kwenye mruko. Mkono wa kishale hauna hatia.

Kwa hiyo dalili zisome hivi:

Kosa la vidole. Upau wa makosa ya muda unaonyesha vistari vinavyosogea upande mmoja taratibu ndani ya strimu, au 100 zinaanza katikati ya strimu na kuongezeka. Kombo hukatika mwishoni mwa strimu au duara moja baada yake.

Kosa la mkono. Muda ni mzuri, vistari viko katikati, lakini alama ya mahali ulipogonga iko nje ya duara. Kwenye takwimu za lazer kuna ramani ya nukta inayoonyesha kama unapitiliza duara au hulifikii.

Kosa la macho. Kishale kinasimama, kinasitasita, au kinakwenda duara lisilo la zamu yake. Ukiona kishale kimetulia kwa muda kabla ya kosa, hukujua uende wapi. Hili halitibiwi kwa kasi.

Kwa wanaocheza stable kuna mtego mwingine. Duara la nyuma likiwa bado halijahukumiwa, la mbele halikubali kugongwa. Kidole kikiruka pigo moja ndani ya strimu, pigo linalofuata la kidole linaweza kuhesabiwa kwa duara lililopita, na mfululizo wote unasogea nyuma kwa moja: 50, 50, kisha X tatu kwa mpigo. Ukiona lundo la X ndani ya strimu, pigo lililokosekana ni moja tu, na ni la mwanzo wa lundo lile. Lazer imelegeza sheria hii, ndiyo maana strimu hiyohiyo inaonekana nyepesi huko.

*Umefaulu ikiwa:* kila alama kwenye karatasi ina herufi moja mbele yake: V ya vidole, M ya mkono au J ya jicho. Herufi iliyozidi ndiyo unayoanza nayo.

## Hatua ya 5: Tibu vidole

Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya vitufe, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea, ncha za vidole zikigusa vitufe muda wote. Kidole kinachoruka sentimita mbili juu kinapoteza muda wa kwenda na kurudi.

Amua kidole kipi kinaanza strimu, na kiwe hichohicho siku zote. Ukianza leo na cha shahada na kesho na cha kati, pigo zito la wimbo linaangukia kidole tofauti, na sikio linapoteza mahali pa kujishikiza.

Kwenye mhariri wa mchezo, sehemu ya kutengenezea ramani, nenda sekunde chache kabla ya strimu yako, bonyeza F5, na mchezo utaanzia hapo. Angalizo: ramani ya watu ukiihariri na kuihifadhi juu ya ile ya asili, alama zako hazitatumwa mpaka uipakue upya. Ukitaka kubadilisha kitu, tengeneza nakala.

Kisha punguza kasi. Kwenye lazer modi ya HT (Half Time, ya kupunguza kasi) inashuka hadi 0.50, na DT (Double Time, ya kuongeza) inapanda hadi 2.00, kwa hatua ndogondogo. Wengi wanaopunguza kasi huwa hawasahihishi AR. Kwa kasi ya 0.75, AR 9 haibaki milisekunde 600, inakuwa 800. Maduara yanarundikana kwenye skrini na unajikuta unafanya mazoezi ya kusoma ramani nyingine kabisa. Tumia modi ya kurekebisha ugumu, Difficulty Adjust, uweke AR hivi ili milisekunde zibaki 600:

- kasi 0.75: AR 10
- kasi 0.85: AR 9.6
- kasi 0.92: AR 9.3
- kasi 0.97: AR 9.1
- kasi 1.00: AR 9
- kasi 1.05: AR 8.8

Panda ngazi hizi moja moja. Hupandi mpaka strimu imepita mara mbili mfululizo bila kukosa, na vistari vya upau vimekaa katikati mwanzo hadi mwisho. Usiridhike na rangi ya 300 peke yake, kwa sababu kwa kasi ya 0.75 na muda wenyewe wa 300 unapanuka, kwa OD 8 kutoka milisekunde 32 hadi kama 43. Ile ngazi ya 1.05 usiiruke. Ukiishi siku mbili kwenye 1.05, kasi ya kawaida inakuwa na nafasi ya kupumua.

Vidole vikijifunga, yaani vikaanza kugonga pamoja badala ya kupokezana, acha hapohapo. Ni mkazo, si uvivu. Shuka ngazi mbili, legeza bega, anza tena. Kuwahi nako dawa yake ni masikio: ongeza sauti ya magongo isikike sambamba na wimbo, kwani inatoka pale wewe ulipogonga. Ukisikia sauti mbili badala ya moja, umetoka kwenye mdundo.

Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi kwenye vidole ni mwisho wa mazoezi ya siku hiyo. Kuchoka kwa misuli ya juu ya mkono ni kawaida. Maumivu makali si kawaida. Dakika 20 za strimu kwa siku zinatosha.

## Hatua ya 6: Tibu mkono wa kishale

Kosa kubwa la miruko ni kuondoka mapema. Mkono unakimbilia duara linalofuata kabla kidole hakijagonga la sasa, kwa hiyo pigo linatua ukingoni au nje. Kwenye marudio utaiona: alama ya ulipogonga iko upande wa kule unakokwenda.

Dawa: cheza sehemu hiyo kwa kasi 0.85 ukijilazimisha kusimama kidogo katikati ya kila duara. Fika, simama, gonga, ondoka. Itaonekana ya kijinga na ya kukatakata; ndivyo inavyotakiwa. Ukipandisha kasi, ule msimamo unafupika wenyewe hadi hauonekani, lakini unabaki.

Kama hufiki, yaani nukta zote ziko nyuma ya duara, chunguza kwanza vifaa: kalamu inakwama kwenye tableti kwa jasho, au zulia la mausi ni chafu. Ukishafuta na bado hufiki, tanua hatua kwa kutumia mkono kuanzia kiwiko badala ya kifundo peke yake.

Kwenye strimu usirukeruke duara hadi duara. Kishale kiteleze kwa mwendo mmoja laini, vidole viendelee na kazi yao. Jicho liwe maduara mawili au matatu mbele ya kishale. Anayekodolea macho kishale chake mwenyewe anasoma ramani kwa kuchelewa.

## Slaida na spina

Hapa hapahitaji siku nyingi. Slaida inavunja kombo ukikosa kichwa chake au mojawapo ya nukta za katikati. Mwisho wake ukiukosa, kombo haivunjiki ila unapungukiwa na usahihi. Ukishaishika, duara la kufuatia ni kubwa kuliko mpira wenyewe mara 2.4, kwa hiyo si lazima kishale kikae juu ya mpira. Slaida fupi za haraka ziguse tu na upite. Nyingi zinavunjika kwa sababu kidole kimeachia mapema.

Spina zungusha kwa miduara midogo karibu na katikati. Hatari yake inakuja baadaye: kabla haijaisha jua duara linalofuata litatokea wapi, umalize mzunguko upande huo.

## Hatua ya 7: Unganisha ukianzia mwisho

Kitufe cha kurudia haraka kimeharibu wachezaji wengi. Ukikosa sekunde ya 40 na kurudia kila mara, baada ya saa moja umecheza mwanzo mara themanini na mwisho mara mbili. Siku kombo inapofika mwisho ndipo unapokutana na sehemu usiyoijua, na moyo unapiga. Halafu unasema umepata "choke".

Geuza mambo. Kwa F5 kwenye mhariri anzia theluthi ya mwisho ya ramani, uicheze mpaka ipite safi mara tatu. Kisha anzia katikati hadi mwisho, safi mara mbili. Kisha yote. Kwa njia hii kila unavyosonga mbele ndani ya wimbo unaingia sehemu unayoijua zaidi, na hofu inapungua pale ambapo kwa kawaida huongezeka.

*Umefaulu ikiwa:* ukicheza ramani nzima makosa yanabaki mawili au matatu, na hayatokei mahali palepale. Yakiendelea kutokea mahali pamoja, rudi hatua ya 4; kuna chanzo hukukiona.

## Hatua ya 8: Ishambulie

Pasha mikono kwa dakika 10 hadi 15: ramani mbili za nyota 3, moja ya nyota 4, na moja yenye strimu za BPM ya chini kidogo kuliko ya shabaha yako. Mikono ikiwa baridi, iondolee ubaridi kwanza, kidole baridi hakirudi haraka.

Majaribio yasizidi kumi kwa kikao. Kila jaribio linakwenda mpaka mwisho, hata ukikosa duara la tano. Baada ya majaribio matatu tazama wastani wa muda: ukianza kuwahi kwa milisekunde 10 na zaidi kuliko mwanzo, ni pupa. Inuka, kunywa maji.

Kama kinachokukata ni kuiona kombo ikikaribia 400, ifiche. Shift na Tab kwa pamoja vinaondoa vitu vyote vya pembeni, ubaki na maduara. Toa pumzi kwenye kila sehemu ya mapumziko ya wimbo na kwenye kila slaida ndefu. Wengi hubana pumzi bila kujua, mikono inakakamaa kwenye strimu ya mwisho.

Umeme wa kwenu ukiwa na tabia ya kukatika, cheza kwa betri ya laptopu iliyojaa, lakini weka kompyuta kwenye hali ya nguvu kamili. Hali ya kuokoa chaji inashusha mwendo wa picha, na utakosa kwa sababu isiyokuhusu.

Kombo ikipatikana, hifadhi marudio. Kwenye stable ni F2 ukiwa kwenye ukurasa wa matokeo. Usahihi wa asilimia 95 na zaidi bila kukosa, kwenye lazer, unakupa daraja la S. Ukiwa chini ya hapo, kombo ni halali ila vidole bado vina deni, kwa hiyo rudi ngazi ya 0.97 na usikilize magongo.

## Kuongeza modi juu yake

Usikimbilie DT. Inaongeza kasi mara moja na nusu: BPM 170 inakuwa 255, na AR 9 inaachia milisekunde 400 tu. HR (Hard Rock) nayo, kwenye ramani ya CS 4, AR 9 na OD 8, inakupeleka CS 5.2, AR 10 na OD 10, na kupindua ramani juu chini. Hapo 300 inataka milisekunde 20.

Anza na HD (Hidden). Inafuta maduara kabla hujayagonga, ila mdundo, kasi na ukubwa vinabaki vilevile. Kwa ramani ambayo umeshaipatia kombo kamili, tatizo litakuwa la jicho peke yake, na linatibika kwa kucheza ramani tano za nyota 3 na nusu kwa HD kila siku kabla ya kuigusa hii. Ukiweza kuipita kwa HD ukikosa mara tano au pungufu, rudi hatua ya 7 uanzie theluthi ya mwisho.